Hesabu za Fundi wa Kuchomelea: Kufundisha Gharama Zinazopunguzwa Kabla ya Kodi

Mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliandika ubaoni swali hili: "Fundi wa kuchomelea alipata shilingi 10,000,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato ni asilimia 30. Je, atalipa kodi kiasi gani?" Wanafunzi wakazidisha na kugawanya, wakapata 3,000,000, na karibu madaftari yote yakapewa vyema. Ndipo mtoto mmoja aliyeketi nyuma akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, na vyuma je? Baba hununua vyuma kwanza." Mwanachuo akamjibu kwamba swali halikutaja vyuma, na kwamba ajibu lililoulizwa.

Sisi tuliokuwa tumeketi pembeni kukagua somo lile tuliona wazi kwamba mtoto ndiye aliyekuwa na haki. Hesabu ya ubaoni haikuwa na kosa katika kuzidisha, lakini ilikuwa na kosa katika maana. Hapana fundi anayeweza kuishi kwa hesabu ya namna ile, wala hapana sheria inayomtaka aishi hivyo.

Jioni tulipozungumza naye, mwanachuo alikubali kosa lake akaahidi kulirekebisha. Kesho yake akawaagiza wanafunzi walete stakabadhi za manunuzi kutoka karakana za wazazi wao. Siku ya tatu baba wa mtoto yule akafika shuleni akiwa amekasirika, akataka kujua tangu lini shule imekuwa ofisi ya kukadiria kodi. Ilimlazimu Mwalimu Mkuu atumie saa nzima kumtuliza.

Katika makala haya tumekusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, ni gharama zipi ambazo fundi wa kuchomelea hupunguziwa kabla ya kutozwa kodi ya mapato katika Tanzania Bara, na hesabu yake huendaje. Pili, jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulifundisha jambo hili katika somo la Hisabati bila ya kupotosha na bila ya kuvunja heshima ya nyumba za watu. Tumechagua kazi ya kuchomelea kwa sababu karakana zake ziko karibu na shule nyingi, mijini na katika vituo vya biashara vijijini, na karibu kila mtoto amewahi kuona geti au grili ya dirisha ikitengenezwa.

KUPUNGUZA NI KUPUNGUZA NINI?

Hapana budi tuanze na maana ya neno lenyewe, maana ndipo mashina ya makosa mengi yalipo. Mtumishi wa serikali akisema "makato", hufikiria fedha zinazotolewa katika mshahara wake. Kwa fundi mwenye karakana yake jambo ni jingine. Kinachopunguzwa si kodi, bali ni mapato yanayotozwa kodi. Fundi huanza na fedha zote alizouzia kazi zake katika mwaka. Huondoa gharama alizozitumia ili kuzipata fedha hizo. Kinachobaki ndiyo faida, na faida ndiyo inayotozwa.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Fundi akinunua glavu za ngozi kwa shilingi 50,000, kodi yake haipungui kwa shilingi 50,000. Mapato yanayotozwa ndiyo yanayopungua kwa 50,000. Na ikiwa anatozwa asilimia 8, kodi yake hupungua kwa shilingi 4,000 tu. Shilingi 46,000 zilizobaki zimetoka mfukoni mwake. Kwa hiyo mtu anayenunua kitu asichokihitaji kwa nia ya kupunguza kodi anajidanganya: ametoa shilingi mia ili kuokoa shilingi nane. Mwalimu akilifahamisha hili peke yake darasani, tayari amefanya kazi kubwa.

KANUNI YA MSINGI

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilikuwa na sheria moja ya usimamizi wa kodi ya mapato, iliyotungwa mwaka 1958. Tanzania ikatunga yake mwaka 1973, na sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2004 pamoja na marekebisho yake. Usimamizi umo mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi Julai 1996.

Kanuni inayotawala jambo letu ni moja: gharama hupunguzwa ikiwa imetumika yote, na kwa ajili ya kazi hiyo tu, katika kuzalisha mapato. Mwalimu anaweza kuigeuza kanuni hii iwe swali fupi ambalo mtoto atalikumbuka: "Je, fundi angeitumia fedha hii kama hangekuwa na karakana?" Jibu likiwa "la", kwa kawaida gharama hiyo ni ya kazi. Jibu likiwa "ndiyo", ni ya nyumbani.

Tulipime swali hilo kwa vitu anavyovijua kila mchomeleaji.

Vyuma. Nondo, mabomba ya mraba, vyuma bapa na mabati mazito ni malighafi, nayo hupunguzwa. Lakini kinachopunguzwa ni vyuma vilivyotumika, si vyote vilivyonunuliwa. Fundi akinunua vyuma vya shilingi 3,500,000, na mwisho wa mwaka vikabaki karakanani vya shilingi 400,000, gharama ya mwaka ule ni 3,100,000. Vilivyobaki vitahesabiwa mwaka utakaofuata.

Vitu vinavyokwisha. Elektrodi, diski za grainda, msasa, rangi, gesi ya oksijeni na ya asetilini, vyote hivi huisha kazini na hupunguzwa.

Umeme. Kuchomelea kunakula umeme mwingi, na mafundi wengi wana karakana mbele ya nyumba wanamoishi, mita ya LUKU ikiwa moja. Hapa gharama lazima igawanywe. Sehemu ya karakana hupunguzwa. Sehemu ya taa, redio na jokofu la nyumbani haipunguzwi. Mgawanyo uwe na msingi unaoelezeka, kwa mfano fundi kuandika kwa mwezi mmoja au miwili umeme unaotumika siku za kazi na siku za mapumziko.

Mavazi. Hapa watoto hupenda kubishana, na ubishi huo ni mzuri. Kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, glavu ndefu za ngozi na aproni ya ngozi hupunguzwa, kwa kuwa hapana mtu atakayevivaa kwenda harusini. Shati na suruali za kawaida hazipunguzwi, hata kama zimetobolewa na cheche zote, kwa sababu ni mavazi yafaayo pia nje ya kazi.

Usafiri. Kukodi guta kupeleka geti kwa mteja ni gharama ya kazi. Nauli ya fundi kutoka nyumbani kwake kwenda karakanani asubuhi si gharama ya kazi mbele ya sheria. Vivyo hivyo chakula chake cha mchana.

Ujira. Fedha wanazolipwa vibarua na wasaidizi hupunguzwa, maadamu zimeandikwa na kuna saini ya aliyelipwa.

Mkopo. Fundi akikopa 1,000,000 kwa ajili ya karakana na kurudisha 1,150,000, ni riba ya 150,000 tu inayopunguzwa. Ile milioni moja haikuwa mapato alipoipokea, basi si gharama anapoirudisha.

Faini na rushwa. Faini ya kuvunja sheria haipunguzwi hata kidogo, ijapokuwa fundi alikuwa safarini kupeleka kazi. Rushwa nayo haipunguzwi. Kodi ya mapato yenyewe pia haipunguzwi katika kutafuta kodi ya mapato.

Matengenezo. Kubadili waya uliokatika, kufunga upya koili iliyoungua na kutia grisi ni matengenezo, nayo hupunguzwa. Kununua mashine mpya ni jambo jingine, nalo linahitaji kuelezwa peke yake.

MASHINE NA UCHAKAVU

Elektrodi huisha siku ileile, lakini mashine ya kuchomelea hudumu miaka mingi. Si sawa kuitoa bei yote ya mashine katika mapato ya mwaka mmoja, na huku itaendelea kuzalisha mapato miaka inayofuata. Kwa hiyo sheria huipunguza bei kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Hiyo ndiyo posho ya uchakavu. Sheria imevipanga vitu vya kudumu katika makundi, na kila kundi lina kiwango chake. Mitambo na mashine za kutengenezea bidhaa zimo katika kundi la asilimia 25 ya thamani iliyobaki. Samani na vifaa vya ofisi vimo katika kundi la asilimia 12.5.

Maneno "thamani iliyobaki" yatiliwe mkazo. Kila mwaka asilimia 25 hutafutwa katika kile kilichobaki, si katika bei ya kwanza. Tuseme fundi alinunua mashine ya kuchomelea, jenereta na grainda, zote zinazohamishika, kwa jumla ya shilingi 2,400,000.

Mwaka wa 1: 25/100 ya 2,400,000 = 600,000. Inabaki 1,800,000.
Mwaka wa 2: 25/100 ya 1,800,000 = 450,000. Inabaki 1,350,000.
Mwaka wa 3: 25/100 ya 1,350,000 = 337,500. Inabaki 1,012,500.

Mwanafunzi akifikiri kwamba asilimia 25 mara nne ni asilimia 100, basi mashine itakwisha thamani katika miaka minne, mwalimu asimkemee. Amwonyeshe kwa karatasi. Akunje karatasi katika sehemu nne sawa, akate robo moja na kuiweka kando. Kisha aikunje tena ile iliyobaki na kukata robo yake. Mtoto ataona kwa macho kwamba robo ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, na ya tatu ni ndogo zaidi. Tumelijaribu jambo hili mara nyingi, na tumeona linafahamisha haraka kuliko maelezo ya nusu saa.

HESABU KAMILI

Sasa tulirudie swali la mwanachuo wetu, safari hii kwa ukamilifu. Fundi wa mfano wetu ana karakana mbele ya nyumba yake. Ametengeneza na kuuza milango, magrili na mageti ya shilingi 10,000,000 kwa mwaka. Mita yake ilikula umeme wa shilingi 720,000, na robo tatu ya umeme huo ni ya karakana. Ameandika kila kitu.

Vyuma vilivyotumika: 3,100,000
Elektrodi, diski, msasa na rangi: 650,000
Umeme wa karakana (3/4 ya 720,000): 540,000
Ujira wa vibarua: 900,000
Kukodi guta: 310,000
Kofia, glavu na aproni: 120,000
Matengenezo ya mashine: 130,000
Leseni na ada za biashara: 50,000
Uchakavu wa mwaka wa kwanza: 600,000
Jumla ya gharama: 6,400,000

Faida ni 10,000,000 kutoa 6,400,000, yaani 3,600,000.

Kodi ya mtu binafsi nayo haianzi kutozwa tangu shilingi ya kwanza. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mapato ya mwaka yasiyozidi 3,240,000 hayatozwi. Yanayozidi hapo mpaka 6,240,000 hutozwa asilimia 8 ya ile ziada, na ngazi zinazofuata ni asilimia 20, 25, na mwisho 30 kwa yanayozidi 12,000,000. Basi:

3,600,000 – 3,240,000 = 360,000
8/100 ya 360,000 = 28,800

Kodi ni shilingi 28,800. Ubaoni palikuwa pameandikwa 3,000,000. Mtoto wa nyuma aliyeuliza habari za vyuma alikuwa ameligusa jambo lenyewe.

Tazama pia kosa ambalo lingetokea kama bei yote ya mashine ingeingizwa mahali pa uchakavu. Gharama zingekuwa 8,200,000, faida 1,800,000, na kodi ingekuwa sifuri. Hesabu ya kujumlisha ingekuwa sahihi, lakini fundi angekuwa ametoa taarifa isiyo ya kweli, naye angeweza kudaiwa baadaye. Kosa la kumwonea fundi na kosa la kumpendelea yote ni makosa. Mwalimu asifundishe lolote kati ya hayo mawili.

FUNDI MDOGO NA KODI YA MAUZO YA MWAKA

Hapa tunafika penye jambo ambalo hata watu wazima wengi hulikosea. Sheria imeweka njia nyepesi kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Huyo hutozwa kwa kutazama mauzo yake ya mwaka, si faida yake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilikipandisha kikomo cha njia hiyo kutoka mauzo ya shilingi milioni 20 hadi milioni 100. Zipo kazi, kama huduma za kitaalamu na za ujenzi, ambazo hazimo katika njia hii. Mfano wetu ni wa fundi anayetengeneza na kuuza bidhaa zake.

Katika njia hii gharama hazipunguzwi kabisa. Awe amenunua vyuma vya milioni tatu au vya milioni saba, kodi ni ileile maadamu mauzo ni yale yale. Hata hivyo daftari halipotezi kazi yake, kwa kuwa viwango viko vya namna mbili: vya mwenye kumbukumbu na vya asiye nazo. Kwa viwango vya mwaka 2019:

Mauzo yasiyozidi 4,000,000: hakuna kodi.
Yanayozidi 4,000,000 mpaka 7,000,000: asiye na kumbukumbu 100,000, mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya ziada juu ya 4,000,000.
Yanayozidi 7,000,000 mpaka 11,000,000: asiye na kumbukumbu 250,000, mwenye kumbukumbu 90,000 pamoja na asilimia 3 ya ziada juu ya 7,000,000.

Mauzo yanayozidi hapo yana viwango vyake, lakini hivi vinatosha kwa darasa letu. Fundi wetu mwenye mauzo ya 10,000,000 angelipa hivi:

Bila kumbukumbu: 250,000.
Akiwa na kumbukumbu: 90,000 + (3/100 ya 3,000,000) = 90,000 + 90,000 = 180,000.

Na kwa kuwa sheria inamruhusu mtu kuchagua kutoka katika njia hii na kutozwa kwa faida, akiwa na hesabu kamili angelipa 28,800 kama tulivyoona. Fundi ni yule yule, karakana ni ile ile, na mauzo ni yale yale. Lakini kodi ni 250,000, au 180,000, au 28,800, kwa kadiri ya alichokiandika na alichoweza kukithibitisha. Shilingi 221,200 zinazotenganisha jibu la kwanza na la mwisho zingeweza kununua vyuma vya geti, au kulipa kibarua kwa wiki kadhaa.

Tusiseme lakini kwamba njia ya faida ni bora siku zote. Fundi ambaye gharama zake ni ndogo na faida yake kubwa huenda akalipa zaidi kwa njia hiyo. Tuseme gharama zake zote ni 4,000,000 tu katika mauzo yale yale ya 10,000,000. Faida itakuwa 6,000,000, na kodi itakuwa asilimia 8 ya 2,760,000, yaani 220,800, ambayo inazidi 180,000. Aidha kuandaa hesabu kamili kunahitaji muda, na pengine malipo ya mhasibu. Kinachofundishwa si kuchagua njia fulani, bali kuwa na uwezo wa kulinganisha.

Neno moja juu ya fundi aliyeajiriwa kiwandani. Huyo hukatwa kodi katika mshahara na mwajiri wake. Glavu alizojinunulia hazipunguzwi katika hesabu hiyo. Kinachopunguzwa kwanza ni mchango wake katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Ndiyo maana ni haki yake kudai vifaa vya kujikinga kutoka kwa mwajiri.

JINSI YA KUFUNDISHA

Mada hii inafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi, baada ya wanafunzi kufahamu asilimia, sehemu, na faida na hasara. Tunashauri vipindi vinne.

Kipindi cha kwanza ni cha kuainisha. Mwalimu aandae kadi ishirini za karatasi ngumu, kila moja ikiwa na gharama moja: elektrodi, ada ya mtoto, diski za grainda, sukari, rangi, shati, kofia ya kuchomelea, faini, riba, na kadhalika. Vikundi vizipange katika mafungu matatu: ya kazi, ya nyumbani, na ya kugawanywa. Kila kikundi kitoe sababu. Mwalimu asiharakie kusahihisha. Aliulize darasa lile swali letu la msingi na kuwaacha watoto wasahihishane. Kwa mfano:

Mwalimu: Kadi ya simu mmeiweka wapi?
Mwanafunzi: Ya kazi, Mwalimu. Wateja humpigia fundi.
Mwalimu: Na shangazi yake je, hampigii?
Mwanafunzi: Humpigia pia.
Mwalimu: Basi?
Mwanafunzi: Tuiweke kwenye za kugawanywa.

Mwalimu hakusema jibu, wala mtoto hakuaibishwa. Maarifa yametoka katika mambo anayoyajua mtoto mwenyewe.

Kipindi cha pili ni cha sehemu: kugawanya umeme, simu na vyuma vilivyobaki. Kipindi cha tatu ni cha uchakavu kwa kukata karatasi, kisha kwa tarakimu. Kipindi cha nne ni cha hesabu kamili na kulinganisha, ambapo wanafunzi watatafuta kodi ya fundi mmoja kwa njia zote tatu na kueleza kwa maneno kwa nini majibu yanatofautiana. Maelezo hayo yapewe alama kama zinavyopewa tarakimu.

Kadhalika kila kikundi kifungue daftari la karakana ya kubuni: safu ya tarehe, ya maelezo, ya fedha zilizoingia na ya fedha zilizotoka. Wanafunzi waandikiane stakabadhi. Wajifunze kwamba gharama isiyo na ushahidi ni vigumu kukubaliwa, na kwamba sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda usiopungua miaka mitano. Wito tunaousikia wa kutoa risiti unapouza na kudai risiti unaponunua utakuwa na maana kwao kwa mara ya kwanza.

TAHADHARI KWA MWALIMU

Kwanza, fundi wa darasani awe wa kubuni daima. Mwanachuo wetu alikosea kuagiza stakabadhi za wazazi. Mapato ya nyumba ni siri ya nyumba, na mtoto hapaswi kuyaeleza mbele ya wenzake. Mwalimu si mkadiriaji wa kodi, wala asimfanye mtoto kuwa mpelelezi wa baba yake. Tulipomweleza mzazi yule kwamba kosa lilikuwa letu na kwamba nia ilikuwa kufundisha asilimia, alituuliza swali moja: "Kwa hiyo mngeweza kunifundisha na mimi?" Alikuwa amelipa kiwango cha asiye na kumbukumbu kwa miaka kadhaa, si kwa kuwa hakununua vyuma, bali kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha daftari linavyoandikwa.

Pili, mkienda kutazama karakana, ombeni ruhusa mapema, na watoto wasiutazame mwanga wa kuchomelea kwa macho makavu. Mwanga huo huunguza macho hata kwa mbali, na maumivu yake huja baada ya saa kadhaa, usiku, wakati mwalimu hayupo. Watazame vifaa na kazi iliyokamilika.

Tatu, viwango hubadilika. Kila mwaka Bunge hupitisha Sheria ya Fedha, na mabadiliko yake kwa kawaida huanza Julai 1. Kabla ya kufundisha, mwalimu aulize viwango vya mwaka huo katika ofisi ya kodi iliyo karibu. Akikuta asilimia zimebadilika, abadili tarakimu. Njia ya kufikiri itabaki ile ile.

MAZOEZI

1. Umeme wa mwaka ni shilingi 480,000. Theluthi mbili ni za karakana. Ni kiasi gani kitapunguzwa?
2. Fundi alikopa 2,000,000 kwa ajili ya karakana, akarudisha 2,300,000 katika mwaka ule ule. Ni kiasi gani kitapunguzwa?
3. Mashine zilinunuliwa kwa 3,200,000. Tafuta uchakavu wa miaka mitatu kwa asilimia 25 ya thamani iliyobaki.
4. Kwa viwango vya mwaka 2019, mauzo ni 6,000,000. Mwenye kumbukumbu atalipa nafuu ya kiasi gani kuliko asiye nazo?
5. Fundi anayetozwa asilimia 8 ya faida iliyozidi alinunua aproni na glavu kwa 60,000. Kodi yake itapungua kwa kiasi gani?

Majibu: (1) 320,000. (2) 300,000. (3) 800,000, 600,000, 450,000. (4) 40,000. (5) 4,800.

HITIMISHO

Wengi wa watoto tunaowafundisha hawatakuwa wahasibu. Wengi watakuwa mafundi, wakulima, washonaji na wachuuzi, nao watakutana na makadirio ya kodi wakiwa na daftari au bila daftari. Mtoto aliyejifunza kutenganisha fedha ya karakana na fedha ya jikoni, kuitunza stakabadhi, na kuuliza "hii ni asilimia ya nini?" atalipa kodi anayopaswa kulipa, asipungukiwe na asizidishiwe. Na sisi walimu tuwe wepesi wa kusikia pale mtoto wa nyuma anaponyosha mkono na kuuliza habari za vyuma.